Shangazi, mimi sina dini: niende chuo cha Kikatoliki?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 19 na nimepata nafasi ya kusomea biolojia katika vyuo vikuu viwili. Cha kwanza ni cha serikali, kikubwa, chenye madarasa ya mamia ya watu. Cha pili ni cha Kikatoliki na kinaendeshwa na shirika la mapadre. Hicho cha pili ndicho kilichonipa ufadhili unaolipia sehemu kubwa ya ada, maabara zake zinasifiwa, na darasa moja halizidi watu thelathini. Ingekuwa ni hayo tu, nisingekusumbua.

Tatizo ni kwamba mimi sina dini. Sijaasi, wala sijagombana na mtu. Nyumbani hatukulelewa na ibada yoyote, na nilipokua nikajisomea mwenyewe sikuona sababu ya kuamini kwamba Mungu yupo. Siwadharau wanaoamini, rafiki zangu kadhaa ni watu wa sala. Lakini mimi sijui kusali, sijui ni wakati gani watu husimama na wakati gani hupiga magoti, na nikijaribu kuigiza naona aibu.

Nilikwenda kukitembelea chuo siku ya wageni. Kila darasa tulilopitishwa lilikuwa na msalaba ukutani, juu ya ubao. Dada aliyetutembeza alikuwa mchangamfu sana. Nilipomwuliza kama Misa ni lazima, alisema hapana, hakuna anayemfuatilia mtu. Kisha tulipofika bwenini nikaona tangazo mlangoni la saa ambazo wageni wa jinsia nyingine wanapaswa kuondoka, na pembeni yake ratiba ya rozari. Nikarudi nyumbani nimevurugika.

Rafiki yangu anasema huko nitafundishwa kwamba mageuzi ya viumbe ni uongo, na nitatoka na shahada isiyo na thamani. Baba anaogopa kwamba watanibadilisha polepole bila mimi kujua. Mama anasema nisiwe mjinga: nikae kimya miaka minne, nichukue shahada yangu, nitoke. Mimi linaloniuma zaidi ni lingine. Je, si unafiki kutumia fedha za watu ambao siamini wanachokiamini?

Na fomu ya kuthibitisha nafasi ina sehemu imeandikwa "Dini/Dhehebu". Nimejaza kila kitu isipokuwa hapo. Niandike nini? Nina wiki mbili za kujibu.

Ni mimi,
Asiye na dhehebu

*

Marahaba mwanangu,

Naanza na hilo linalokuuma, maana mengine yote yanategemea jibu lake. Kusoma katika chuo cha Kikatoliki huku huamini si unafiki. Unafiki utaanza siku utakayopiga ishara ya msalaba ili mwenzako wa chumbani asikuulize swali. Ndiyo sababu, kati ya yote uliyoniandikia, ushauri wa mama yako ndio ulionitia wasiwasi. Najua umetokana na mapenzi. Anataka mwanawe amalize salama. Lakini miaka minne ya kujificha ni mingi mno kwa mtu wa umri wako. Kijana mmoja aliwahi kuniandikia akiwa mwaka wa tatu katika chuo kama hicho. Wiki ya kwanza alijitambulisha kuwa ni muumini ili asionekane kioja, akajikuta anaimba kwaya, baadaye akaombwa aongoze mafungo ya wanafunzi wapya. Marafiki zake walimpenda kwa dhati, ila waliyempenda alikuwa mtu asiyekuwepo. Na katika yote hayo hakuna padre wala mwalimu aliyemlazimisha hata hatua moja.

Kuhusu fedha, tulia. Kanisa lenyewe limeandika msimamo wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, katika tamko la mwaka 1965 kuhusu uhuru wa dini, ulisema mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini. Kisha mwaka 1990 Papa Yohane Paulo II akatoa hati inayoviongoza vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani kote, Ex Corde Ecclesiae. Hati hiyo haifichi kitu: inataka mafundisho ya Kanisa yaongoze shughuli zote za chuo, na walimu wasio Wakatoliki wasiwe ndio wengi. Lakini humo humo inaagiza kwamba uhuru wa dhamiri wa kila mmoja uheshimiwe kikamilifu, na inawataka wasio Wakatoliki nao waheshimu sura ya Kikatoliki ya chuo. Hayo ndiyo makubaliano unayoingia. Wao wasikulazimishe, na wewe usiwabeze nyumbani kwao. Walipokupa ufadhili walikuwa wameona alama zako, na wanatarajia mwanabiolojia mzuri. Wape huyo.

Sasa, rafiki yako, baba na mama wote wanazungumza juu ya "chuo cha Kikatoliki" kana kwamba kipo kimoja tu. Vipo mamia, na tofauti kati yao ni kubwa kuliko tofauti kati ya baadhi yao na hicho cha serikali. Tazama Sophia, chuo cha Wajesuiti, shirika moja la mapadre, kilichofunguliwa Tokyo, Japani, mwaka 1913. Kipo katika nchi ambayo Wakatoliki hawafiki hata asilimia moja ya watu. Kingedai imani kwa kila anayeingia, kingekosa wanafunzi. Georgetown, chuo cha Kikatoliki kikongwe kuliko vyote nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1789, kiliajiri imamu mwaka 1999 awe mlezi wa wanafunzi Waislamu. Ukienda Notre Dame, cha huko huko Marekani, cha mwaka 1842, hewa inabadilika: wanafunzi walio wengi ni Wakatoliki, mabweni ya shahada ya kwanza ni ya jinsia moja, kila bweni lina kikanisa chake, na mgeni wa jinsia nyingine anapaswa kuwa ameondoka ifikapo saa sita usiku siku za kazi. Halafu kipo kama Franciscan University of Steubenville, kule Ohio, ambako wanafunzi wengi huenda kwa sababu ya imani yenyewe, na asiyeamini angekuwa mpweke hata kama kila mtu angekuwa mwema kwake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama uende, uliza chako ni cha namna gani. Umesema kinaendeshwa na shirika la mapadre lakini hukusema lipi. Jua jina lake. Wajesuiti, Wafransisko na Wadominiko hawaendeshi vyuo kwa mkono mmoja, na chuo kilicho chini ya askofu wa jimbo nacho kina namna yake. Uliza wanafunzi wasio Wakatoliki ni wangapi kati ya wote. Kama ni theluthi au zaidi, utakuwa mmoja wa wengi. Kama ni wachache mno, utaweza kuishi pale, ila utajieleza mara nyingi, na kujieleza kila siku kunachosha.

Dada aliyekutembeza alikuambia kweli kuhusu Misa, ninavyoamini. Watu huchanganya. Ibada ya lazima ya kila wiki, yenye mahudhurio, ipo zaidi katika baadhi ya vyuo vya Kiprotestanti vya kiinjili, ambavyo vingine humtaka mwanafunzi atie saini kukubali imani yao. Katika vyuo vikuu vya Kikatoliki hayo ni nadra. Utakachokutana nacho karibu kila mahali ni kozi ya lazima ya teolojia, moja au mbili, na mara nyingi falsafa pia. Hapo ndipo wengi wa aina yako hukunja uso bure. Kozi ya teolojia ya chuo kikuu si katekisimu, yale mafundisho ya kumwandaa muumini. Hakuna atakayekuuliza kama unaamini. Utaulizwa kama umeielewa hoja na unaweza kuijibu. Georgetown wana kozi maarufu ya mwaka wa kwanza ambayo jina lake lenyewe linamtaja Mungu kuwa ni tatizo la kutafakari. Utasomeshwa Thomas wa Akwino, mtawa wa karne ya 13. Ukifika mahali anapouliza kama Mungu yupo, angalia anavyoanza: anaanza na upande wako. Anasema inaonekana Mungu hayupo, kwanza kwa sababu uovu upo, pili kwa sababu mambo ya dunia yanaweza kuelezwa kwa maumbile na utashi wa binadamu bila kumhitaji Mungu. Baada ya hapo ndipo anapojibu. Mwanafunzi asiyeamini anayesoma ukurasa huo kwa makini ana kitu cha kusema darasani, na mwalimu mzuri atafurahi akikisema. Wanafunzi wenzako wengi walio Wakristo watakaa kimya wakidhani wanalijua somo tayari.

Rafiki yako kuhusu mageuzi ya viumbe amekosea, na hili nalisema bila kusita kwa sababu linahusu taaluma yako. Anayeitwa baba wa elimu ya urithi, Gregor Mendel, aliyechapisha matokeo yake ya mbaazi mwaka 1866, alikuwa mtawa na padre. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliandika kwamba wataalamu wana ruhusa ya kuchunguza asili ya mwili wa binadamu kutokana na viumbe vilivyotangulia, na mwaka 1996 Yohane Paulo II akasema nadharia ya mageuzi ni zaidi ya dhana tu. Katika idara ya biolojia ya chuo kikuu cha Kikatoliki cha kawaida utafundishwa yale yale yanayofundishwa kwingine, kwa vitabu vile vile. Mipaka ipo, lakini iko mahali ambapo rafiki yako hakuangalia: utafiti unaoharibu viinitete vya binadamu. Kanisa linaupinga, na vyuo vyake vingi havitaufanya. Kama ndoto yako iko huko, umwulize mkuu wa idara mapema, wala usione haya. Kama unapenda samaki, mimea au vijidudu, hutaugusa mpaka huo hata siku moja.

Sasa nikueleze panapobana kweli, maana vipeperushi vya siku ya wageni haviandiki hayo. Ni afya na mahusiano. Zahanati nyingi za vyuo vya Kikatoliki hazitoi kondomu wala dawa za kuzuia mimba kwa ajili ya uzazi wa mpango, na bima ya chuo inaweza isilipie. Kanuni za wanafunzi mara nyingi zinasema tendo la ndoa ni la wanandoa, na vyuo vingine huadhibu. Kwa wanaopenda jinsia yao, tofauti ni kubwa: Georgetown ilifungua ofisi ya kuwahudumia mwaka 2008, na vyuo vingine havitasajili hata kikundi chao. Sikuulizi mambo yako ya ndani, mwanangu. Nakuomba tu usome kitabu cha kanuni za wanafunzi ukurasa kwa ukurasa kabla ya kutia saini, hasa sehemu za mabweni, zahanati, vikundi vya wanafunzi na adhabu. Lile tangazo la mlangoni lililokuvuruga lilikusaidia. Saa za wageni ni kanuni, ufadhili haukuondolei, na ukishaingia hutakuwa na haki ya kusema hukujua. Jiulize bila kujidanganya: naweza kuishi na hii kwa miaka minne bila kinyongo? Kama jibu ni hapana, hiyo ni sababu halali ya kuchagua chuo cha serikali, na usikubali mtu akuambie ni sababu ndogo.

Mengine utayazoea upesi kuliko unavyodhani. Mwalimu akianza kipindi kwa sala, simama au kaa kama wengine, mikono imetulia, basi. Hutakiwi kusema "amina". Mwanzoni mwa mwaka vyuo vingi, hasa vya Wajesuiti, huwa na Misa ya Roho Mtakatifu, na kabla ya mahafali huwa na nyingine. Ukitaka kuhudhuria, kaa viti vya nyuma, simama wanaposimama kwa adabu, na wakati wa kupiga magoti unaweza kukaa. Komunyo usiende kuipokea. Ni ya Wakatoliki, na kubaki kwenye kiti si kosa, hata Wakatoliki wengine hubaki. Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza na waumini hupakwa majivu, utamkuta mwenzako maabara ana alama nyeusi kwenye paji la uso, usimwambie amechafuka. Kuhusu msalaba ulio juu ya ubao, baada ya muhula mmoja macho yatakuwa yanaenda kwenye ubao.

Mwenzako wa chumbani ndiye atakayeamua ubora wa mwaka wako kuliko padre yeyote. Mwambie wiki ile ile ya kwanza, kwa sentensi moja, wakati mnapanga nguo: mimi sina dini, wewe sali kwa uhuru, sitakuingilia. Usingoje aulize, na usigeuze kuwa mjadala. Aliye na imani iliyotulia hatatishika. Akianza kukuhubiria kila usiku baada ya kumwomba aache, hilo ni suala la mlezi wa bweni, kama ambavyo lingekuwa kama angepiga muziki usiku kucha.

Na kuna siku moja ambayo hakuna anayekuandalia. Mwanafunzi mwenzenu anaweza kufariki, au wewe ukapokea simu ya msiba wa nyumbani. Chuo cha Kikatoliki hujua la kufanya siku hiyo: kengele italia, watu watakusanyika kikanisani, padre atakugongea mlango. Utaamua mwenyewe kama unataka kuufungua mlango huo. Mimi nakushauri ufungue. Mapadre walezi wengi wamefunzwa kumsikiliza mtu kabla ya kumfundisha, na unaweza kumwambia tangu mwanzo kwamba huamini. Ila ujue pia ofisi ya ushauri nasaha iko wapi, ile ya wataalamu wa saikolojia, ili usidhani mlango wa padre ndio pekee.

Baba yako. Siwezi kumhakikishia kwamba hutabadilika, wala wewe usimhakikishie. Mtu hubadilika kati ya miaka 19 na 23 popote alipo, na chuo cha serikali nacho kina watu wenye imani kali za kila aina. Inawezekana ukatoka kule huamini kama ulivyoingia, ila unaelewa vizuri zaidi wanachokiamini majirani zako. Inawezekana ukaamini. Hilo likitokea kwa kufikiri kwako mwenyewe, huku kila mtu akijua ulikotoka, baba hatakuwa ameibiwa mtoto. Cha kuogopa ni kubadilika kwa ajili ya kutaka kupendwa, na kinga yake ni ile niliyoanza nayo: kutojificha. Mwambie baba hivyo. Mwombe aje akutembelee muhula wa kwanza, akae nawe kwenye bwalo, aone kwa macho yake.

Ungeniuliza nikuchagulie, ningesema nenda, kwa masharti mawili: kitabu cha kanuni umekisoma na unaweza kukiishi, na umezungumza na mwanafunzi mmoja asiye Mkatoliki wa mwaka wa pili au wa tatu. Siyo wale wanaotembeza wageni. Hao huchaguliwa kwa uchangamfu. Piga simu ofisi ya mlezi wa wanafunzi, omba wakuunganishe na mmoja. Mwulize Jumapili jioni hukaa na nani. Mwulize kama amewahi kusema darasani kwamba haamini, na nini kilifuata. Chuo kikishindwa kukupatia hata mwanafunzi mmoja wa namna hiyo, utakuwa umepata jibu lako kabla ya wiki mbili kwisha.

Imebaki fomu. Andika "Sina". Usiandike dhehebu la bibi, usiache wazi. Mara nyingi sehemu hiyo hutumiwa na ofisi ya kichungaji kujua iwaalike akina nani, na pengine na wanaopanga vyumba. Kinachohitaji kuangaliwa zaidi ni barua ya ufadhili. Isome tena usiku huu, utafute kama ina sharti la cheti cha ubatizo, barua ya paroko, au saa za kutumikia shughuli za kidini. Ukilikuta, piga simu kabla ya kutuma fomu, ueleze hali yako kama ulivyonieleza mimi, na uwaombe wakujibu kwa maandishi.

Shangazi yako